Wanaotema Kabla ya Kumeza

Jumatatu, 2 Machi

Mkuu wa kituo amenikataza kuandika maneno kwenye daftari la maabara. "Humo ni namba tu," kasema, na kalamu yake nyekundu ikapita juu ya sentensi yangu ya Ijumaa: Maji ya leo yananuka kama yamenuniwa. Haya. Namba zitakaa kule, maneno nimeyanunulia daftari hili. Jalada lake ni la kijani, rangi ambayo siku hizi siipendi hata kidogo, lakini dukani hapakuwa na jingine.

Mimi ni mpima maji kwenye kituo cha kusafisha maji taka, mwaka wa kumi na saba huu. Maji ya mji mzima, ya vyooni, ya kufulia, ya kuoshea vyombo, yanafika kwetu meusi, yanatoka meupe, yanaingia bwawani. Meupe kwa macho tu, kwa sababu macho hayaoni fosforasi. Mwani unaiona, na unaila kwa pupa, ndiyo maana bwawa limekuwa zito na kijani kama kopo la rangi ya mlango.

Ukingoni mwa bwawa ipo nyumba tuliyozaliwa, mimi na dada yangu. Mimi niliolewa nikaondoka. Yeye alibaki, akamuuguza mama mpaka mwisho, na uwanja wote wa nyuma akaugeuza kitalu cha miche. Mwaka jana mbuzi wake watatu walikunywa maji ya ukingoni asubuhi, na kabla ya jioni wote walikuwa chini. Sasa kamati ya bwawa imetoa neno la mwisho: maji ya kituo chetu yasiporekebika kabla mvua hazijaisha, bwawa litazungushiwa uzio na nyumba za ukingoni zitahamishwa. Ziko tisa. Ya Dada ni ya tatu ukitokea barabarani.

Mkuu amekubali jaribio langu, yaani kuiondoa fosforasi kwa kutumia bakteria. Sharti lake na la kamati ni moja. Kuanzia tarehe 17 Mei hadi 30, siku kumi na nne, kipimo cha maji yanayotoka kisizidi miligramu moja kwa lita. Siku moja ikizidi, jaribio limekufa. Leo ni tano nukta mbili.

Jumanne, 3 Machi

Nimemweleza fundi wa pampu. Tunamwita Spana kwa sababu spana haimtoki mfuko wa nyuma, hata kwenye harusi ya bintiye alikuwa nayo ndani ya suti.

"Hao bakteria tutawatoa wapi?"

"Wamo humu humu, kwenye maji machafu."

"Kama wamo, mbona miaka yote hii hawajafanya kazi?"

"Hatujawahi kuwapa sababu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini mchana wote alikuwa anabadilisha mabomba kama nilivyomchorea. Tangi la kwanza tunalikoroga polepole bila hewa. La pili tunalipulizia hewa kwa nguvu. La tatu ni la kutuama: humo tope, ambalo ndilo bakteria wenyewe, linazama chini, na maji safi yanamwagikia juu kuelekea bwawani. Tope jingi tunalirudisha tangi la kwanza likaanze safari upya.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua ya kwanza. 5.1.

Jumatatu, 16 Machi

Nilichota sampuli tangi la kwanza, nikatia dawa, nikasubiri dakika kumi. Dawa yetu inageuka bluu ikikutana na fosforasi, na kadiri bluu inavyokolea ndivyo fosforasi ilivyo nyingi. Leo ilikolea nikadhani nimemwaga wino. Kumi na tisa!

Spana alikuwa mlangoni. "Mpima, ulisema wanaondoa. Hawa wanaongeza."

Nilimfukuza. Nikarudia kipimo. Kumi na tisa tena.

Nikakaa na vitabu vyangu mpaka chai ikapoa, na kumbe jibu nilikuwa nalo siku zote. Nilikuwa nimelisoma tu, sijaliona. Bakteria hawa wakinyimwa hewa wanabaki na njia moja ya kupata nguvu ya kumeza chakula: wanavunja akiba yao ya fosforasi na kuitema nje. Ndiyo kumi na tisa yangu. Wakivuka kwenda tangi la pili, kwenye hewa, wanakichoma kile chakula walichokificha tumboni, na kwa nguvu hiyo wanaikusanya fosforasi upya. Hawakusanyi ile waliyotema tu. Wanakusanya hiyo na zaidi, kama mtu aliyewahi kulala njaa akifika sokoni. Kwa nini zaidi? Nani aliwafundisha kuwa njaa itarudi? Nimekaa na swali hilo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nitalala humu.

Nilipomweleza mume wangu, aliacha kushona, akaweka mguu chini kutoka kwenye cherehani. "Kwa hiyo wanatema kwanza, halafu ndiyo wanameza?"

"Ndiyo."

"Ni kama kina kaka zako siku ya kupanga mahari. Nitawaita mashemeji."

Jumanne, 17 Machi

"Mashemeji wameamkaje?" Ameniuliza kabla sijavaa viatu.

3.8 kwenye maji yanayotoka.

Jumanne, 24 Machi

2.1. Dada amepita maabara, mara ya kwanza ndani ya miaka mingi. Alikuja kuazima toroli la Spana, akaingia huku ameziba pua kwa kanga. Dada hapendi kituo hiki na hajawahi kunificha.

Alikiona kichupa cha tangi la kwanza, akakiinua dirishani. "Rangi nzuri hii. Mumeo angepata kitambaa chake, ningeshona."

"Hiyo ndiyo inayoliua bwawa lako, Dada."

Akakirudisha polepole mahali pake. "Umekuwa unaipima tangu lini?"

"Miaka kumi na saba."

"Na ilikuwa bluu hivi?"

"Ilikuwa bluu."

"Ukawa unaandika."

"Nikawa naandika."

Alichukua toroli akaenda. Ningefurahi zaidi kama angenitukana, kwa sababu tusi ningelijibu.

Jumatano, 1 Aprili

0.7! Spana alidhani namfanyia mzaha wa tarehe moja. Nikampa kichupa akakitazama kwa jua: bluu kidogo sana, ya maji ya kufulia nguo nyeupe. Tumepeana mikono kama watu waliooana.

Mchana niliwatazama kwa hadubini. Wanaishi kwa vishada, duara duara, wamebanana. Niliwatia rangi, na ndani ya kila mmoja zikatokea chembe za zambarau iliyokolea. Hiyo ndiyo fosforasi, wameipanga kama magunia ghalani. Nimewatazama kwa saa nzima. Ni wazuri. Najua siwezi kusema hivyo mbele ya watu.

Jumatano, 8 Aprili

0.6.

Kila asubuhi saa moja kamili Spana hufungua vali iliyo chini ya tangi la kutuama na kumwaga tope lililozidi kwenye vitanda vya kukaushia. Hana saa mkononi. Anapiga mluzi wimbo mmoja, mara mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu anafunga. Amefanya hivyo tangu kabla sijaajiriwa.

Leo nimemsimamisha. Nilimwona anamwaga bakteria wangu, wale wale wa vishada, wenye maghala yaliyojaa, wanaenda kukaukia juani. Nikaona uchungu.

"Wewe unawafukuza wafanyakazi waliokwisha kujifunza kazi," nikamwambia. "Kuanzia kesho usifungue."

"Hata kidogo?"

"Hata tone. Wakiwa wengi ndivyo watakavyomeza zaidi."

Alikuna kichwa na ile spana. "Mpima, choo kisichotolewa kinajaa."

"Hiki si choo."

"Ni nini?"

Nikamwambia afanye nilivyosema, mtaalamu ni mimi. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Akafunga vali, akapangusa mikono.

Ijumaa, 10 Aprili

0.6. Asubuhi ni kimya bila ule mluzi.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. 0.9. Maji ya mvua yanaingia kwenye mifereji na kupunguza ukali wa chakula chao. Itakuwa hiyo.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimeenda kwa Dada. Tulikaa ukumbini kwenye mkeka wa mama, mvua inapiga bati, yeye anachambua mbegu kwenye ungo. Alikuwa ameshafunga masanduku mawili. Yalikuwa pale mlangoni, na kamba juu.

"Niambie kitu kimoja, mdogo wangu. Nisie au nisisie? Nikisia sasa, miche itakuwa mikubwa mwezi wa saba. Sitaki kusia mahali ambapo sitakuwepo."

Kipimo cha asubuhi ile kilikuwa moja nukta tisa. Nilikuwa nacho kichwani, nakiona kama kimeandikwa ukutani.

"Sia, Dada."

"Una hakika?"

"Inakwenda vizuri."

Akafungua kamba ya sanduku moja mbele yangu akatoa vifuko vya kuoteshea. Niliagwa kwa kukumbatiwa, jambo ambalo Dada hulifanya misibani tu.

Jumapili, 19 Aprili

Sikulala vizuri. Ni mvua tu. Mvua ikipungua namba itashuka.

Jumatano, 22 Aprili

2.9. Mvua imepungua.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimejaribu yote. Nimeongeza hewa tangi la pili, hakuna kitu. Nimepunguza kasi ya kukoroga tangi la kwanza, hakuna kitu. Nimesafisha vyombo vya maabara kwa asidi, isije ikawa uchafu ni wangu. 3.6.

Kuna jambo halinikai sawa. Tangi la pili linafanya kazi. Nimechota mwisho wake kabisa, kabla maji hayajavuka kwenda kutuama, na bluu ni ndogo. Basi mbona yakitoka nje ni 3.6? Inatoka wapi, wakati njiani hakuna anayeongeza kitu?

Mkuu amepita na kalamu yake. Ametazama safu ya namba kutoka juu hadi chini. "Zilikuwa zinashuka," kasema. "Ndiyo, mkuu." "Sasa zinapanda." "Ndiyo, mkuu." Angalau hakuna sentensi ya kukata.

Jumatatu, 4 Mei

4.4, na nimejua ni nani mwenye kosa.

Nilikwenda asubuhi kwenye tangi la kutuama, nikaona mabonge ya tope yanaibuka yenyewe kutoka chini, yanapasuka juu na kutoa mapovu. Nikaita Spana alete fito ndefu tupime kina. Siku zote tope hukaa nusu mita kutoka chini. Fito ilishika tope mita mbili na robo. Tangi zima lilikuwa limejaa bakteria wangu, na juu yao maji kidogo tu.

Nikafunga kichupa kwenye fito, nikachota kule chini kabisa. Sikuhitaji hata kusubiri dakika kumi. Bluu ilikuja kama kiza. Arobaini na moja!

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji yenye maji. Kule chini hakuna hewa. Nimewarundika wiki nne, wamelaliana tabaka juu ya tabaka, hawana hewa, wana njaa. Na bakteria hawa wakiwa hawana hewa wanafanya nini? Nilishangilia nilipolijua jambo hilo mwezi Machi. Nimeliandika kwenye daftari hili hili. Wanatema. Nililigeuza tangi la tatu kuwa tangi la kwanza, tofauti ni kwamba hakuna hewa mbele ya kumezea, kuna bwawa tu.

Halafu kuna lile la pili, ambalo ndilo linaloniumiza. Fosforasi haichomeki, haipotei, haipai hewani. Mlango wake wa kutokea ni mmoja: inatoka ndani ya miili yao, na miili yao inatoka kwa ile vali. Kila mluzi wa Spana ulikuwa fosforasi inayoondoka. Mimi niliona wafanyakazi wanafukuzwa. Kumbe walikuwa wachukuzi wenye mizigo mgongoni, na mimi nimesimama mlangoni nawakataza kutoka.

Nilimwambia Spana yote, sikupunguza. Nikamwambia, "Uliniambia, nikakupandishia sauti. Niwie radhi."

Alitazama spana yake, akaigeuza. "Mimi sikujua hayo ya kutema na kumeza. Mimi nilijua tu kwamba kinachojaa lazima kitolewe."

"Fungua vali."

"Yote?"

"Hapana. Tukiwatoa wote tutabaki na maji matupu, na hao ndio waliobaki kutuokoa. Kidogo kidogo."

"Mara ngapi?"

Nikafikiri, nikapiga hesabu ubaoni. "Wimbo mara sita. Kila siku, kwa wiki mbili."

"Mdomo utakauka."

"Nitakuletea chai."

Jumanne, 5 Mei

Nimekwenda kwa Dada baada ya kazi. Nilitaka nimkute ndani, lakini alikuwa kitaluni, ameinama kati ya vifuko, na mbegu zimeshachipua. Mistari na mistari ya majani mawili mawili. Alinyanyuka akacheka: "Njoo uone watoto wako."

Nikamwambia pale pale nimesimama, kabla sijaanza kutafuta maneno laini. Kwamba siku ile alipouliza, namba ilikuwa mbaya na niliijua. Kwamba imeharibika zaidi, na aliyeiharibu ni mimi, niliyewarundika bakteria wakakosa hewa. Kwamba zimebaki siku kumi na mbili kabla hesabu ya kamati haijaanza.

Hakupaza sauti. Alifuta udongo mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Miaka kumi na saba uliandika ukanyamaza. Hilo nilijaribu kulisahau, kwa sababu hukuwa na la kufanya. Lakini juzi nilikuuliza, na ulikuwa na la kufanya. Ungesema sijui. Neno moja."

"Niliona aibu."

"Na mimi nitaiweka wapi hii?" Alionyesha miche. "Itaingia sandukuni?"

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mume wangu hakuuliza habari za mashemeji. Aliniwekea maji ya moto ya kuoga akarudi kwenye cherehani.

Ijumaa, 8 Mei

3.3. Mluzi mara sita. Nimeanza kuuimba huo wimbo bila kujua.

Jumanne, 12 Mei

2.0. Kina cha tope mita moja na kidogo. Vitanda vya kukaushia vinajaa, na mvua haikaushi kitu.

Nimetuma ujumbe kwa Dada: "2.0 leo." Hakujibu. Nitamtumia kila siku, iwe nzuri iwe mbaya.

Jumamosi, 16 Mei

1.2. Kesho hesabu inaanza. Nimemtumia Dada. Kimya.

Jumapili, 17 Mei

0.9. Nimechota saa mbili kamili, Spana ametia sahihi kama shahidi, na Mkuu naye, ingawa ni Jumapili, amekuja na kofia yake ya kuendea ibadani.

Jumatatu, 18 Mei

0.9.

Jumanne, 19 Mei

0.8. Wimbo umerudi mara mbili.

Ijumaa, 22 Mei

0.7. Dada amejibu, baada ya siku kumi. Ameandika: "Kwa nini hao wadudu wako wanahitaji hewa?"

Nimemwandikia ujumbe mrefu kuliko barua yoyote niliyowahi kumwandikia mume wangu. Nimemweleza kutema, kumeza, akiba, tope linalorundikana. Akajibu: "Sawa." Nimelisoma hilo "sawa" mara nyingi kuliko inavyostahili.

Jumatano, 27 Mei

Naandika nimechoka hoi.

Jana umeme ulikatika saa kumi na mbili asubuhi. Nguzo imeanguka barabara kuu, wakasema mafundi, labda jioni, labda kesho. Jenereta yetu ilikuwa imeingia maji tangu Aprili. Nilifika nikakuta kituo kimya kabisa. Mashine ya hewa imelala, pampu za tope zimelala. Sampuli ya saa mbili ilikuwa bado nzuri, 0.8, kwa sababu maji yale yalikuwa yamepita kabla. Lakini niliangalia tangi la kutuama nikajua tope limeanza kukaa, na saa zinahesabika. Siku ya kumi hiyo! Nne tu zimebaki.

Spana alikuwa amefunga lango la maji yanayoingia tangu umeme ulipokatika. "Bwawa letu la akiba pale langoni litabeba maji ya saa saba. Yakijaa, nitafungua, upende usipende, la sivyo yatarudi kwenye vyoo vya watu."

"Na tope? Vali si inamwaga yenyewe?"

"Inamwaga kwenye vitanda, na vitanda vimejaa mvua mpaka ukingoni. Tope halipandi mlima, Mpima."

Mkuu akasema tuchote kwa ndoo. Tulianza, watatu, Mkuu amekunja suruali. Ndoo ishirini, thelathini. Fito ikaonyesha hatujafanya kitu. Nikaanza kulia huku nachota, bila kusimama, maana hapakuwa na nafasi ya kulia peke yake.

Ndipo nikasikia gurudumu la toroli likilia kwenye kokoto. Dada alikuwa analisukuma, amelowa kichwani hadi miguuni, na juu ya toroli ile pampu yake ya kukanyaga kwa miguu, ya kumwagilia miche, na mpira wake mrefu umezungushwa.

"Umeme umekatika hata kwangu," alisema, anahema. "Nikasema, hao wadudu wa mdogo wangu sasa hivi watakuwa wanatapika."

Hakuna aliyecheka mpaka baadaye. Tuliuteremsha mpira mpaka chini ya tangi. Upande wa pili Spana akaupeleka juu, kwenye tangi kuukuu lisilotumika nyuma ya stoo. Dada akapanda juu ya kanyagio. Hakuziba pua. Alikanyaga kushoto, kulia, kushoto, kulia, tope likakohoa kwenye mpira, likaziba. Akashuka, akauchomoa, akauzibua kwa brashi aliyokuja nayo, kwa mikono miwili, akarudi juu.

"Bwawa lenu limenifundisha," alisema. "Kila asubuhi mpira wangu unaziba kwa ule uchafu wa kijani. Hili tope lenu ni laini."

Tulipokezana. Spana alipiga mluzi, na miguu ikafuata wimbo bila kupangwa. Mara kumi, mara ishirini, tukapoteza hesabu. Mkuu alikanyaga pia, na kalamu nyekundu ikamtoka mfukoni ikazama tangini, na sikumsikitikia. Kati ya zamu mbili Dada aliniuliza swali ambalo nilikuwa nasubiri miaka kumi na saba mtu aniulize: "Lakini wanajuaje wakati wa kumeza na wakati wa kutema?" Nikamjibu ninachojua, halafu nikamwambia sehemu nisiyoijua. "Sijui," nikasema. Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kukanyaga.

Saa saba mchana Spana alifungua lango, hakuwa na jinsi. Saa tisa umeme ukarudi. Mashine ya hewa iliponguruma, Dada alikaa chini kwenye saruji, miguu imenyooka mbele, hawezi kuikunja.

Leo asubuhi saa mbili nimechota. Dakika kumi. Spana hakutaka kutazama. Nimepima mara tatu.

1.0.

Mkuu aliitazama namba, akatafuta kalamu mfukoni, haipo. "Kisizidi moja," alisema. "Moja haizidi moja." Akatia sahihi kwa kalamu yangu.

Alhamisi, 28 Mei

0.8. Nimetuma. Dada amejibu: "Miguu yangu je, imepimwa?"

Jumamosi, 30 Mei

Siku ya kumi na nne, na hakuna hata moja iliyozidi. Mvua haikunyesha. Dada alikuja mwenyewe, na fimbo, akakaa kwenye kiti changu cha maabara kana kwamba ni chake.

Niliwaambia ukweli wote, yeye na mwenyekiti wa kamati aliyekuja kushuhudia. Bwawa halitakuwa safi kesho. Chini yake kumelala fosforasi ya miaka yote ile niliyokuwa naandika, nayo itachukua misimu kadhaa. Tunachoweza kusema ni kwamba hatuongezi tena kama zamani. Mwenyekiti akasema kamati ilidai hicho hicho, na uzio hautajengwa. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akauliza choo kiko wapi.

Dada ameshaniomba lile tope la tangi kuukuu kwa ajili ya miche yake. Nimemwambia likauke kwanza, nilipime kwanza, hata akinuna. Amenuna.

Kabla hawajaondoka nilimpa kichupa cha leo. Alikipeleka dirishani, pale pale aliposimama mwezi Machi, akakiinua kwenye mwanga. Akakigeuza. Akavaa miwani, akakitazama tena. Nje, Spana, aliyechelewa leo kwa ajili ya wageni, alikuwa anafunga vali, wimbo wake umefika mwisho wa mara ya pili.

"Mbona hamna kitu?" Dada aliuliza.

"Ndiyo, Dada," nikamwambia. "Hamna kitu."

Hakukirudisha. Amekwenda nacho nyumbani, amekishika mkononi njia nzima, na jioni mume wangu alipopita kwake kumpelekea dawa ya miguu amekikuta kimesimama dirishani kwa mama, na yale masanduku mawili hayapo mlangoni tena.